Nile ya Misri, Murchison, Kazinga au Rufiji: likizo ya boti mtoni uende wapi?

Kila likizo ikikaribia, ya mwezi wa saba au ya Desemba, maswali yanakuwa yale yale: tumechoka na bichi, safari hii tunataka mto, tunataka kukaa kwenye boti tuangalie mandhari tu, twende wapi? Ukimuuliza mtu anataka kuona nini hasa anakwambia "popote pazuri", na hapo ndipo hela za watu zinapopotea, maana hii mito haifanani kabisa hata kama picha za mitandaoni zinafanana, zote zina jua linazama na kiboko amepiga mwayo.

Nalinganisha minne ambayo mtu wa Dar, Mombasa, Nairobi au Kampala anaweza kuifikia bila kuuza shamba: Nile ya Misri kati ya Luxor na Aswan, Nile ya Uganda pale Murchison, mkondo wa Kazinga ndani ya Queen Elizabeth (Uganda hiyo hiyo), na Rufiji yetu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Rhine na Danube za Ulaya naziacha, viza ya Schengen na bei za kule ni mada ya siku nyingine.

Swali la kwanza kujiuliza siyo mto gani, ni utalala wapi. Unataka kulala majini, uweke begi chumbani mara moja usilifunge tena mpaka mwisho wa safari, uamke asubuhi ufungue pazia ukute mko mji mwingine? Au unataka boti ya masaa mawili matatu halafu jioni urudi loji, ule, ulale nchi kavu usikie fisi wanalia? Kwenye hii minne ni Misri peke yake inayokupa hilo la kwanza, nyingine zote ni boti ya masaa, na kuna watu wamelipia "kruzi" ya Uganda wakitegemea vyumba na deki ya kuotea jua wakakuta boti yenye viti na turubai juu, wakanuna siku nzima, wakati boti yenyewe haina kosa lolote, wao ndio hawakuambiwa.

Misri basi, maana ndiyo wengi wanaiota. Kutoka Luxor mpaka Aswan kwa maji ni kama kilomita 200 na kitu, meli za kawaida zinakaa usiku 4 zikitoka Luxor na usiku 3 zikitoka Aswan, chakula kimo kwenye bei ila vinywaji mara nyingi unalipa pembeni. Mandhari yake ni ya aina moja lakini ni ya aina ambayo huku kwetu hatuna: kanda ya kijani ya mitende, miwa na mashamba ya berseem ya kulishia punda, nyembamba kweli, halafu nyuma yake jangwa limesimama limekauka moja kwa moja, hakuna hatua ya katikati. Unakaa juu kwenye deki na chai yako unaona mtoto anaogesha nyati wa maji ukingoni, mwanamke amebeba majani kichwani, mnara wa msikiti, jiwe, mchanga, na yote hayo yanapita taratibu. Upepo unatoka kaskazini na maji yanaelekea kaskazini, kwa hiyo tangu enzi za mafarao wenye tanga walikuwa wakipanda mto kwa upepo na kushuka kwa mkondo, na mpaka leo ukifika Aswan unaona feluka, yale mashua yenye tanga la pembetatu ambalo mtu wa Lamu au wa Bagamoyo hahitaji kuelezwa, zinafanya hivyo hivyo.

Ila Misri ni safari ya mahekalu kuliko ya mto, hilo lazima liwe wazi. Meli inafungwa gatini masaa mengi kuliko inayotembea. Hekalu la Karnak, makaburi ya wafalme upande wa magharibi wa Luxor ambako kaburi la Tutankhamun lilifunguliwa mwaka 1922, hekalu la Edfu ambalo limebaki zima karibu lote kwa sababu lilifunikwa na mchanga karne na karne, halafu Kom Ombo ambapo nusu ya hekalu ni ya Sobek mungu mwenye kichwa cha mamba na pembeni kuna jumba la makumbusho lenye mamba waliokaushwa kama maiti za mafarao. Mamba hai huwaoni hapo. Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970 wale waliobaki wako juu ya bwawa, kwenye Ziwa Nasser. Kwa hiyo mwenye watoto wanaotaka kuona mamba na viboko asiwapeleke Misri, watachoka na kuta zilizochongwa siku ya pili tu na joto likiwakamata hapo hamtaelewana.

Kwa mtu anayependa historia lakini, jamani, nenda. Kwenye hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama farao, pale Deir el-Bahari ng'ambo ya Luxor kuna ukuta umechorwa msafara wake wa kwenda nchi ya Punt, zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, na wasomi wengi wanaiweka Punt upande huu wetu wa Pembe ya Afrika na Bahari ya Shamu. Unaona nyumba zimejengwa juu ya nguzo na ngazi ya kupandia, unaona watu wamebeba miti ya manemane na mizizi yake ndani ya vikapu wanaipakia melini, yaani biashara ya majahazi na uvumba ambayo tunaisoma kwenye historia ya pwani yetu kumbe ina mababu wa mbali kiasi hicho. Mwongozaji wengi wanakimbiza watu waende kupiga picha kwenye ngazi kubwa, we mwambie asimame hapo kwanza.

Na kitu kingine cha Misri ambacho hakimo kwenye vipeperushi ni Esna. Pale kuna kizuizi cha maji chenye lango ambamo meli inaingia, wanafunga nyuma, maji yanajazwa au kupunguzwa mpaka usawa ulingane na upande wa pili, na kwa kuwa meli ni nyingi zinapanga foleni. Wachuuzi wanakuja na vimashua, wanajifunga kwa kamba ubavuni mwa meli, wanaanza kurusha kanzu na vitambaa vya meza ndani ya mifuko ya plastiki mpaka deki ya juu, ghorofa tatu au nne hivi, na hawakosei, unafungua unaangalia, mnapatana bei kwa kupiga kelele, ukikubali unatia hela kwenye mfuko huo huo unamrushia. Ukikataa unarudisha nguo. Watu wetu wa Kariakoo na Gikomba watafurahi hapo kuliko kwenye hekalu lolote.

Sasa kuna meli na meli. Zile kubwa zenye vyumba hamsini, sitini na zaidi ndizo rahisi kwa kichwa, ila Luxor na Aswan zinafungwa ubavu kwa ubavu, tatu, nne, tano, kwa hiyo dirisha uliyolilipia kwa ajili ya mto linaangalia dirisha la jirani, na kushuka nchi kavu unapita kwenye mapokezi ya meli za wenzenu. Dahabiya ni chombo kidogo cha tanga, vyumba vichache, wakati mwingine kinavutwa na tagi upepo ukikata, kinasimama sehemu ambazo meli kubwa hazisimami kama Gebel el-Silsila, kule walikokuwa wakichonga mawe ya mahekalu. Ni ghali zaidi kwa kichwa, lakini kama shida yako ni mto wenyewe, yaani utulivu na ukingo, mi naona bora usubiri mwaka mmoja ukusanye hela uende na dahabiya kuliko kwenda na meli kubwa mwaka huu. Kwa maharusi hilo sina hata mjadala nalo.

Ukikata meli kubwa omba chumba cha ghorofa ya juu na mbali na nyuma kwenye injini. Kutoka Luxor kwenda Aswan mnaelekea kusini, magharibi iko kulia, kwa hiyo machweo yako upande wa kulia, na joto la mchana nalo liko huko huko, uamuzi wako.

Tukirudi kwetu. Murchison ni kinyume cha Misri kwa kila kitu: huko unapata vitu vingi vidogo vidogo kwa siku nne, huku kitu kimoja kikubwa kwa masaa matatu. Nile yote inayotoka Ziwa Victoria, baada ya kupita Jinja na Ziwa Kyoga na Karuma, inafika mahali mwamba umeiachia upenyo wa mita 7 hivi, inajibana hapo na kuanguka mita 43. Boti inatoka Paraa inapanda mto, kushoto na kulia viboko makundi kwa makundi, mamba wakubwa kweli wamelala mdomo wazi mchangani, tembo wanakunywa, nyati, twiga ukiwa na bahati, na kwenye kingo za udongo mashimo ya keremu wenye koo jekundu wanaingia na kutoka. Halafu kabla hujaona maporomoko unaanza kuona povu. Mabonge meupe yanaelea yanakuja kukupokea mtoni, machache kwanza, kisha mengi, mto mzima umekuwa na madoa, ndipo unaposikia mngurumo, ndipo unapoyaona. Boti haifiki chini kabisa, inasimama mbali kidogo nyuma ya jiwe kwa sababu mkondo una nguvu, kuna wanaolalamika kwamba walitaka kulowa. Anayetaka kulowa ashuke hapo apande kwa miguu na askari wa hifadhi mpaka juu, kama dakika 45 mpaka saa zima ya mlima na jua, na kule juu utalowa mpaka soksi. Wazee na wenye magoti mabovu wasidanganywe, wao wapelekwe juu kwa gari, kuna barabara, watakutana na nyie hapo.

Pembeni ya maporomoko makuu kuna mengine yanaitwa Uhuru. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilijaza mto ukapasua njia ya pili, na kwa kuwa Uganda ilikuwa inapata uhuru mwaka huo huo wa 1962 jina likakaa. Mwaka 2019 likaja pendekezo la kujenga bwawa la umeme eneo hilo hilo, Waganda wakapiga kelele sana, na walikuwa sahihi kabisa. Umeme tunauhitaji, mabwawa mto huo tayari unayo, kuanzia Jinja mpaka Karuma, lakini mahali kama pale hapajengwi mara ya pili. Na kuna hili la mafuta pia, visima vya mradi wa Tilenga vinachimbwa ndani ya hifadhi upande wa kaskazini, mafuta yaende kwa bomba mpaka Chongoleani, Tanga, kwa hiyo usishangae kukuta barabara nzuri za lami katikati ya pori na malori. Boti ya kwenda maporomoko inabaki nzuri vile vile, ila anayetafuta pori tupu lisilo na dalili ya mtu namwambia mapema.

Paraa ina boti ya pili ambayo watu hawaiulizii. Badala ya kupanda mto inashuka kuelekea pale Nile inapoingia Ziwa Albert, delta ya mafunjo na visiwa, na hapo ndipo wapenda ndege wanapoenda kumtafuta korongo-nyangumi, yule wa kijivu mwenye mdomo mpana mkubwa anayesimama kama sanamu. Inachukua muda mrefu zaidi na inaondoka alfajiri. Kwa mtu ambaye ndege hawampi raha sana itamchosha, lakini kwa anayewapenda hii inaipita ile ya maporomoko. Maji hayo ya Ziwa Albert ndiyo asili ya sangara wetu wa Mwanza na Kisumu, walichukuliwa huko wakapandikizwa Victoria miaka ya 1950, maana wenyewe wasingeweza kuyapanda yale maporomoko.

Kazinga nitakuwa mfupi kwa sababu ni rahisi kuielewa. Ni mkondo wa asili wa kilomita kama 32 unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, boti zinatoka rasi ya Mweya, masaa mawili, na ukiniuliza wapi mtu anaona wanyama wengi kwa muda mfupi bila jasho najibu hapo bila kufikiri. Viboko na nyati madume wazee wamelala tope moja bega kwa bega, tembo wanashuka mchana wa joto kuoga na watoto wao, ndege hujui uangalie wapi. Boti ni pana, imetulia, maji hayana mkondo wa kutisha, watoto wanakaa wanaona kila kitu wakiwa kivulini. Karibu na mdomo wa Ziwa Edward kuna kijiji cha wavuvi, mitumbwi imepangwa, nyavu zimeanikwa, watu wanafua na viboko wako mita chache pembeni, na ng'ambo kule kwenye ukungu ni Kongo. Siku ikiwa safi milima ya Rwenzori inajionyesha upande wa kaskazini.

Udhaifu wake ni kwamba ni masaa mawili na yameisha. Huwezi kufunga safari kutoka Dar mpaka Mweya, ambayo hata kutoka Kampala ni siku nzima ya gari, kwa ajili ya masaa mawili. Kazinga lazima uiunganishe na kitu: sokwe wa Kyambura, simba wa Ishasha wanaopanda miti, au uendelee Bwindi kwa masokwe wakubwa, yaani gorila, kama mfuko unaruhusu. Ukiwa na wiki nzima unaweza kuziunganisha Murchison na Kazinga kwa kupitia Hoima na Fort Portal badala ya kurudi Kampala, na kwa mtu wa mara ya kwanza Uganda hiyo ndiyo njia nampa.

Rufiji sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wetu wenyewe hawaendi, wanaiachia wageni, na inaniuma.

Hifadhi ya Nyerere ilimegwa kutoka Selous mwaka 2019, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na mto wenyewe ndio mkubwa kuliko yote Tanzania. Tofauti yake na Uganda ni kwamba pale Paraa na Mweya boti inafuata njia yake inayojulikana, inaenda inarudi, na nyuma yenu kuna boti nyingine. Rufiji boti ni ndogo, mko watu wachache, na mto haujapangwa: kiangazi unajigawa kwenye mikono mingi katikati ya mchanga, unahama hama mwaka hadi mwaka, jana njia ilikuwa huku leo fungu la mchanga, nahodha anasoma rangi ya maji na mikunjo yake kujua pa kupita. Ukingoni mivumo mirefu imesimama, mingine imekufa imebaki shina tupu na furukombe juu yake. Kando ya mto kuna maziwa, Manze, Nzerakera, Siwandu na mengine, na wakati maji yanaruhusu boti inapenya kuingia humo, na pale Manze tembo wanakuja kwa ajili ya makoche, unamwona dume anaegemeza paji la uso kwenye shina la mkoche anautikisa, anasubiri, anaokota moja moja kwa ncha ya mkonga, na nahodha akizima injini unasikia makoche yanavyodondoka.

Huko kuzima injini ndiko ninakokulipia mimi. Misri jenereta ya meli haizimwi. Murchison maporomoko yenyewe yana sauti. Kazinga kuna spika ya mwongozaji. Rufiji jioni, masaa ya saa kumi na moja hivi, injini ikizimwa mnabebwa na maji tu na kinachobaki ni viboko, ndege na maji yanagonga bati la boti.

Wanaosema Rufiji ina wanyama wachache kuliko Kazinga wako sahihi kwa hesabu ya saa moja. Kule wamejibana kwenye ukingo mmoja, huku wametawanyika kwenye nchi kubwa, utakaa robo saa bila kuona mnyama mkubwa halafu kona moja viboko arobaini. Mwenye pupa atachoka. Na kuna bwawa la Julius Nyerere huko juu, megawati 2,115, ambalo sasa ndilo linashika maji na kuyaachia, kwa hiyo usitegemee maelezo ya mtu aliyekwenda miaka kumi iliyopita kuhusu ziwa gani linafikika kwa boti mwezi gani, muulize mwenye kambi maji yakoje mwezi huu.

Kufika nako kuna mawili. Ndege ndogo kutoka Dar ni kama dakika 45 na bei yake mnaijua. Kwa gari ni Kibiti kisha Mloka mpaka geti la Mtemere, lami inaisha Kibiti, kinachofuata ni vumbi na makorongo na wakati wa mvua ni tope, kwa hiyo gari la juu, mtoke alfajiri. Mloka nje ya geti kuna loji na kambi za bei ya kueleweka na nyingine zina boti zao zinazotembea mtoni, kwa mwenye bajeti ndogo lala hapo, ingia hifadhini siku moja tu. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni wa dola, Uganda vile vile, ila uwe na kitambulisho au pasi mkononi, bila hiyo unahesabiwa mgeni. Boti mara nyingi inalipiwa kivyake, haimo kwenye kiingilio, hilo linawakuta wengi getini.

Msimu usiuchezee. Rufiji ni mwezi wa sita mpaka wa kumi, masika kambi nyingi zinafungwa kabisa. Uganda magharibi kavu ni Desemba mpaka Februari na Juni mpaka Agosti, ingawa boti zinatembea hata mvua, ni barabara tu zinazokusumbua. Misri Oktoba mpaka Aprili, na kati ya Mei na Septemba Luxor na Aswan zinapita nyuzi 40, meli zinashusha bei kweli kweli lakini utaona mahekalu kuanzia asubuhi na mapema mpaka saa tatu tu, baada ya hapo ni chumbani na kiyoyozi. Kwa hiyo likizo ya mwezi wa saba ni Rufiji au Uganda, ya Desemba ni Misri au Uganda, ingawa Krismasi Misri bei iko juu. Hapo tu wengi mtakuwa mmeshapata jibu.

Afya pia iangaliwe. Rufiji na Uganda malaria ipo, mbung'o wapo, acheni nguo za bluu iliyokoza na nyeusi nyumbani kwa sababu zinawavuta. Misri ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2024, hiyo kwa mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga ni jambo kubwa. Uganda wanataka kadi ya homa ya manjano.

Kwa mwenye wikiendi tu Kampala au anayetokea Kisumu, Jinja ipo, boti ya saa moja pale Nile inapotoka ziwani, mpelelezi Mwingereza Speke alifika hapo 1862, na sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa hapo 1948. Ni nzuri kwa mchana mmoja na samaki, siyo likizo. Zambezi upande wa Livingstone, Zambia, na Chobe pale Kasane, Botswana, ni mito mizuri mno na tembo wanaovuka kwa kuogelea, lakini kutoka huku nauli peke yake inakaribia ya Cairo na wanyama wale wale unao Rufiji, labda kama unayataka yale maporomoko ya Victoria.

Kwa hiyo shemeji mwenye wazazi wazee na watoto wadogo gari moja, mi nakupeleka Kazinga na safari ya kuunganisha. Vijana wenye nguvu na siku tatu, Murchison. Mama mkubwa aliyestaafu anayetaka kuona dunia na ale vizuri, Misri mwezi wa kumi na moja, alale Aswan usiku mmoja wa ziada baada ya meli, aende Philae na kwa Wanubi taratibu. Na wawili mnaotaka kukaa kimya pamoja bila foleni, Rufiji, usiku mitatu siyo miwili, boti jioni ya siku ya kwanza na asubuhi ya mwisho.

Kabla ya kutuma hela ya kushikia nafasi muulize wakala mambo haya na akujibu kwa maandishi: boti ni ya kwenu tu au mnachanganywa na wengine, masaa mangapi, kiingilio na ada ya boti vimo au havimo, inaondoka saa ngapi, na kama kuna watoto, jaketi za kujiokolea za saizi ya watoto zipo ngapi. Siyo jaketi la mtu mzima lililokazwa kamba. Baadhi ya kambi hazipokei watoto wadogo kwenye boti kabisa na ni bora uambiwe sasa kuliko mtoto akiwa ameshafika ukingoni na kofia yake. Wakala akisema "zipo, usijali" bila kutaja idadi, mwombe apige picha. Akishindwa hata hiyo picha, tafuta boti nyingine.